Kuupanda Kilimanjaro kwa Kushuka

Tafuta makala yoyote kuhusu Kilimanjaro, iwe ya gazetini au ya mtandaoni, halafu itafute barafu ndani yake. Utaikuta aya ya kwanza au ya mwisho, na mara nyingi kote kuwili. Mwandishi amefika kilele cha Uhuru alfajiri, mita 5,895, vidole vimeingia ganzi, jua linachomoza upande wa Mawenzi, na mbele yake umesimama ukuta wa barafu unaopungua mwaka hadi mwaka. Analia kidogo. Kisha anaandika kwamba dunia inapata joto na watu wa chini watakufa kiu.

Mimi naishi Moshi, napanda huu mlima na kuandika habari za mazingira, na huwa naulizwa hizo kazi mbili naziunganisha vipi. Wengi wanaouliza wanadhani tatizo ni muda: utaandika saa ngapi na umechoka? Muda unapatikana. Tatizo lenyewe ni kwamba njia ya kilele inatuchagulia habari. Tunaandika kile ambacho miguu imetufikisha, na miguu iliyolipiwa siku sita za hifadhini haina subira na kitu kilichoko mita elfu mbili.

Habari ya theluji hapa ina umri mkubwa. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona akiwa njiani kuja Uchagani, akaandika, na baadhi ya wasomi wa London wakamkatalia katakata. William Desborough Cooley alishikilia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika juu kabisa, wakisaidiwa na watu ambao majina yao mengi hayakuandikwa. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye anayekumbukwa zaidi. Halafu mwaka 2002 mtafiti wa barafu kutoka Marekani, Lonnie Thompson, na wenzake wakaonyesha kwamba asilimia 80 hivi ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha, wakakadiria kwamba iliyobaki huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020.

Mwaka 2020 ulipita. Barafu bado ipo, imekonda, na wale waliosoma kichwa cha habari peke yake sasa wanatuambia vijiweni kwamba wanasayansi waliongopa. Barafu inaisha kweli. Kilichokosea ni tarehe. Lakini ona vile ubishi wa miaka zaidi ya 170 umeganda kwenye eneo dogo la juu, ambalo Mchagga wa kawaida hakuwahi kuwa na shughuli nalo.

Kuna Mjerumani anayeitwa Andreas Hemp ambaye ameichunguza mimea ya mlima huu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2005 alichapisha utafiti ambao kwangu ni muhimu kuliko picha zote za barafu nilizowahi kuona. Alisema kwamba kwa upande wa maji, moto unaounguza misitu ya juu umetudhuru kuliko kuyeyuka kwa barafu. Sababu yake haihitaji shahada. Maji ya chemchemi na mito yetu kwa sehemu kubwa ni mvua inayonyesha msituni, na mvua hiyo upande wa kusini hunyesha kwa wingi zaidi kwenye mita 2,200 hivi. Mchango wa barafu ni mdogo. Juu ya ukanda huo wa mvua kuna misitu ya erika, ile miti yenye majani membamba mfano wa sindano, ambayo kazi yake ni kunasa ukungu. Moto ukipita mara kwa mara, erika inabaki vichaka, na ukingo wa juu wa msitu unashuka. Umeshashuka mamia ya mita katika maisha ya watu walio hai leo.

Sasa nenda geti la Marangu asubuhi uangalie tunavyoupita huo msitu. Mizigo inapimwa kwenye mzani, kila mpagazi asizidishe kilo 20, majina yanaandikwa, kundi linaondoka. Kutoka getini hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, ni mwendo wa saa chache tu. Kisambioni watu wanakaa kula. Mbega wakitokea, mikia yao meupe ikining'inia, simu zinatoka mifukoni kwa dakika tano. Kisha vichwa vinainama tena. Wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita wenyewe, wanakupita na mtungi wa gesi begani na begi la mgeni kichwani, wakiwahi kupanga vyumba na chakula. Mgeni anauliza Horombo, kambi inayofuata, ni mbali kiasi gani. Kwake msitu ni korido ya kupitia kwenda kwenye mlima.

Hapo juu kidogo ya Mandara, kwenye njia ya kwenda kreta ya Maundi, kuna erika ambazo zimeota ndevu. Ni zile nyuzi za kijani kijivu zinazoning'inia kwenye matawi, ndefu kuliko mkono. Siku ya ukungu, simama mahali pa wazi, utaona ardhi ni kavu, hakuna mvua. Ingia hatua nne chini ya erika: kunanyesha. Kila uzi una tone kwenye ncha, linavimba, linaanguka, linakuja lingine. Kandambili za mtu aliyepita zimeacha alama kwenye tope chini ya mti, na nje ya kivuli chake vumbi halijaguswa. Mti unachuja mawingu. Maelezo yote ya Hemp yako pale, na hakuna kipimo unachohitaji zaidi ya kofia yako kulowa. Lakini kiongozi wa kundi atakuambia tusonge, na ana haki, kwa sababu wenzako wanapata baridi.

Kwa hiyo nimeacha kujaribu kufanya yote mawili kwa safari moja. Nikipanda na kundi kwenda kileleni, mimi ni mpandaji. Nabeba penseli maana wino wa kalamu huganda, na simu naiweka ndani ya begi la kulalia isife kwa baridi. Naandika baridi, kichwa kinachogonga, watu wanaoshushwa usiku kwa sababu mapafu yamegoma, utani wa wagumu jikoni. Sichomeki mahubiri ya mazingira mwishoni. Ile sentensi ya "tuutunze mlima wetu kwa vizazi vijavyo" ningeifuta kwenye makala za kila mtu kama ningepewa kifutio. Haimwambii msomaji afanye nini, na aliyeiandika huwa tayari yuko kwenye Coaster akirudi mjini.

Habari ya mazingira naifuata safari nyingine, na mara nyingi ni ya kushuka.

Kufuata mfongo, kwa mfano. Hii mifereji ya Wachagga ilikuwepo kabla Wajerumani hawajafika, inachota maji mtoni juu kabisa karibu na msitu na kuyapeleka vihambani, mashamba ya nyumbani, kwenye migomba na kahawa. Wageni wanaokwenda Materuni kuona maporomoko huwa wanairuka bila kujua wameruka nini. Ukianzia kwenye banio, penye mawe, majani na magogo ya migomba yaliyoziba nusu ya mto, una mfereji wenye upana wa hatua moja uliokumbatia ukingo wa korongo. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu. Nimepita kwenye miamba ya Barranco na mikono miwili ikitafuta pa kushika, na bado nasema kutembea kwenye ukingo wa mfongo wakati wa masika kunahitaji moyo zaidi, kwa sababu kule Barranco kuna watu mia moja mbele yako na hapa uko peke yako na utelezi.

Mtu mwenye begi mgongoni na buti mguuni, akionekana nje ya njia za watalii, anahesabiwa kuwa amepotea. Mzee mmoja aliyekuwa akizibua majani kwa jembe alinisimamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana mzee, nafuata maji."

"Mbona yenyewe yanajua njia?"

Alicheka peke yake kwanza, kisha akanionyesha nduwa, bwawa dogo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke na nguvu. Akanieleza zamu: nani anamwagilia siku gani, nani huwa anafungulia kabla ya wakati wake. Kila mfongo una kiongozi wake, meni mfongo, na asiyefika siku ya kusafisha anatozwa faini, ambayo zamani ilikuwa pombe na siku hizi ni fedha. Nilipomuuliza kuhusu barafu alitazama juu, mlima ulikuwa umefunikwa, akasema hajui habari za huko, ila mto huu ulikuwa haukaukii hapa kwenye banio mwezi wa tisa, na sasa unakaribia. Akaanza kunitajia miti iliyokuwa juu ya banio, mmoja mmoja, na nani aliikata.

Makala niliyoandika kuhusu mfongo ule haikusomwa sana. Haina kilele, haina picha ya mtu amenyoosha mikono kwenye ubao. Sioni sababu ya kujidai kwamba sikuumia.

Juu ya vihamba kuna habari nyingine ambayo njia za kupandia zinaikata kwa dakika kumi bila kuiona. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kati ya vijiji na msitu wa hifadhi, ili wananchi wapate kuni, majani ya mifugo na mbao bila kuingia msitu wenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 kwa eneo la juu tu. Mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa hifadhini, na masharti ya ukanda ule yakabadilika. Vihambani ng'ombe wanafungiwa zizini kwa sababu hakuna pa kuchungia, kwa hiyo majani lazima yaletwe, na wanaoyaleta ni akina mama. Ukikutana na mama amebeba mzigo wa majani unaomfunika mpaka mabega, umekutana na sera ya uhifadhi ikitembea. Muulize ametoka nayo wapi, na utegemee kwamba hatakujibu mpaka ajue wewe si mtu wa hifadhi. Sina ugomvi na mpaka kulindwa, nimeona visiki. Lakini mwandishi anayemtaja huyu mama kwa neno "mvamizi" bila kumuuliza ng'ombe wake wanakula nini, na huku yeye mwenyewe amelipiwa kibali cha kupita msitu huohuo kwa ajili ya burudani, ana deni la aya moja au mbili.

Burudani yenyewe ina moshi wake. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, mahali wapandaji wanapopumzika kati ya Mandara na Horombo. Ulionekana usiku mpaka mjini. Wanafunzi wa Chuo cha Mweka walipanda kuuzima pamoja na askari wa hifadhi na wananchi wa vijijini, na mpaka unadhibitiwa ulikuwa umeunguza zaidi ya kilomita za mraba 90, nyingi zikiwa za vichaka na erika za huko juu, zilezile zinazonasa ukungu. Taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zilisema ulianza kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mtandaoni wagumu walitukanwa wiki nzima. Kwa nini chakula kipashwe pale? Kwa sababu kuna mtu amelipia mlo wa moto mchana, na kampuni imemwahidi. Ningependa kusoma tangazo moja la safari linalosema: chakula cha mchana ni baridi, mkate na yai, kwa sababu msitu unaungua. Sijaliona bado.

Badala yake tunapata miche. Kampuni moja, jina nalihifadhi, iliniomba niandike kuhusu miti iliyopanda na wateja wake baada ya kushuka mlimani. Nikauliza ni miti gani, imepandwa kwenye ardhi ya nani, na kiangazi inamwagiliwa na nani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kuna suala la kutaja mahali, na hapa mpandaji na mwandishi wa uhifadhi hawaelewani hata wakiwa mtu mmoja. Mpandaji anataka kusema nilifika wapi, vinginevyo safari yake ni hadithi tu. Angalia Chemka, kule wilaya ya Hai, ambayo tunaiita maji moto ingawa hayana moto wa kumshtua mtu. Maji yanatoka chini ya ardhi, mvua ya milimani iliyosafiri ndani ya miamba, yanachomoza katikati ya mizizi ya mikuyu, safi kiasi cha kuona sarafu iliyozama. Picha zilisambaa, na leo Jumapili unasikia spika kabla hujaona maji. Sisemi watu wasiende. Vijana wa pale wanauza chipsi, wanakodisha maboya, ni riziki. Ila Chemka ilipata wageni kwanza na vyoo baadaye, na huo ndio mpangilio ambao makala zetu huusababisha.

Kanuni yangu ni nyepesi. Penye geti, tiketi na mtu wa kuuliza, nataja jina na namna ya kufika. Pasipo na hayo, nataja mlima tu. Minde sitaji kabisa nimemwona upande gani. Huyu ni funo mkubwa mweusi mwenye kishungi chekundu kwenye paji la uso, haishi nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania, tena katika misitu michache ya milimani, na hutembea zaidi usiku. Adui yake ni waya wa mtego, ambao ni rahisi kuliko chipsi za Chemka. Niliona kwato kwenye tope, nikazipiga picha nikiwa na kipimo pembeni, picha nikaipeleka kwa wanaohusika, na kwenye makala nikaandika "mahali fulani msituni". Msomaji mmoja alinilaumu kwa kumficha. Ndiyo, nilimficha.

Hata mti wa asili mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika uko kwenye mlima huu. Hemp na wenzake waliutangaza mwaka 2016: mkukusu wa mita 81.5, kwenye bonde lisilofikika kirahisi. Rafiki zangu wa kupanda waliposikia walianza kupanga safari papo hapo. Nimekataa kwenda. Mti ule umeishi karne kadhaa kwa sababu bonde ni baya kwa shoka, na buti zetu zingetengeneza njia ambayo shoka lingeifuata. Najua wapo watakaoniona mwoga au mwenye maringo. Nimeridhika kuusoma.

Kwa anayetaka jasho na uhifadhi kwa siku moja, bila kuomba likizo, mimi humpeleka Rau. Msitu huu una hekta zipatazo 570, uko kando kabisa ya mji, unafikika kwa baiskeli ya kukodi, na watu wengi wa Moshi hawajawahi kuuingia. Unaishi kwa maji ya ardhini yanayotoka mlimani, na ndani yake kuna msoo, mti unaoota sehemu chache mno duniani na ambao jina lake la kisayansi, *Oxystigma msoo*, limebeba jina la kwetu. Shina ni nene, gome limenyooka, na mwenyeji wa kukuongoza atakuonyesha pia mivule iliyopona msumeno. Udongo ni mweusi, unanata; masika tairi halizunguki, kwa hiyo chagua Januari au Septemba.

Usiishie msituni. Endelea kukanyaga pedeli kuelekea kusini mpaka mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, kwenye skimu ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Maji ya mto Rau na ya chemchemi za Njoro ndiyo yanayoilisha, na wakulima wa juu ya skimu nao wameshajifunza kulima mpunga, hivyo yakifika chini yamepungua. Pale jua ni kali, hakuna kivuli, na baiskeli inarushwa na matuta ya mifereji. Beba maji ya kunywa. Ukifika kwenye mlango wa mfereji ukakuta watu wamesimama na majembe, wasalimie, kisha uliza zamu ya leo ni ya nani. Utapewa majibu matatu tofauti kabla hujashuka kwenye baiskeli.